Kila Mtu na Mraba Wake

Mume wangu ndiye aliyenifungia ukumbi. Nalisema mwanzo kabisa ili usije ukalisikia kwa watu likiwa limetiwa chumvi. Alikuja asubuhi na koti lake jeupe la kazi, nyundo mkono wa kulia, karatasi ya halmashauri mkono wa kushoto, akaigongomea mlangoni kwa misumari minne, mmoja kila pembe. Msumari wa mwisho ulipokwenda upande, akaung'oa na kuupigilia upya. Mimi nimesimama hapo hapo, mikono kiunoni, namwangalia.

"Samahani, mama," akaniambia, utadhani hatukuamka kitanda kimoja. "Ni amri. Kumbi zote za burudani zifungwe."

"Na nyundo umeitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyundo yangu!" nikasema, na kweli ilikuwa yangu, niliinunua mwenyewe. "Basi ukimaliza uirudishe ulipoitoa."

Yeye ni bwana afya wa mji wetu. Hukagua mabucha, mikahawa, vyoo vya shule na visima, na kazi hiyo anaifanya kwa moyo wote, hata wenye mikahawa wakimwona tu kwenye kona huanza kufagia hovyo hovyo. Mimi nafundisha dansi. Kwa miaka kumi na tisa watu wazima wenye akili zao wamekuwa wakija kwangu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alasiri kujifunza kupanga miguu, na wote wananiita Mwalimu. Jengo ni la halmashauri, mimi ni mpangaji tu. Ni chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, madirisha kumi na sita, na sakafu ya mbao ambayo naijua ubao kwa ubao. Nilipolikuta lilikuwa makazi ya popo.

Sikatai kwamba ugonjwa ulikuwepo. Korona ilipoingia hata mimi niliogopa, nani hakuogopa? Miezi miwili ya kwanza nilitulia. Nilishona barakoa, nikanawa mikono mpaka ngozi ikababuka. Soko lilifungwa, shule zilifungwa, na sisi tukafungwa. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, ingawa siku zile methali hiyo haikumchekesha mtu.

Kilichonipandisha mori ni mwezi wa tatu. Soko likafunguliwa. Mabasi yakaruhusiwa kujaza viti vyote. Nyumba za ibada zikafunguliwa. Vinyozi wakafunguliwa, jamani, vinyozi! Kinyozi anamkunja mtu masikio, anampuliza nywele shingoni, halafu mimi ndiye hatari kwa umma?

"Burudani si huduma muhimu," mume wangu akanieleza tukiwa mezani. "Ndivyo waraka ulivyoandikwa."

Nikaweka kijiko chini. "Kwa hiyo kazi yangu si muhimu."

"Sikusema mimi. Waraka ndio umesema."

"Basi kauoe huo waraka."

Tangu siku hiyo sikusema naye tena moja kwa moja. Watoto wetu wamekua, wana makwao, nyumbani tumebaki wawili, kwa hiyo ilibidi nitafute mjumbe, na ujumbe nikaukabidhi kwa sufuria. "Wewe sufuria," nasema, "mwambie bwana afya chakula kiko tayari." Na yeye, kwa kuwa ni mtu wa taratibu, analigeukia sufuria na kusema, "Mwambie nimeshukuru." Tuliishi hivyo kwa majuma. Siku moja wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuja akatukuta kwenye mazungumzo hayo, akacheka mpaka akashika ukuta. Wifi ni muuguzi katika hospitali ya mji, na siku zile kucheka kwake kulikuwa kwa nadra.

Halafu ikaja barua. Halmashauri ina sheria yake ndogo inayosema kwamba jengo lake likikaa miezi sita bila kutumika kwa kazi iliyokodishiwa, mpangaji ananyang'anywa na anapewa mwombaji mwingine. Na mwombaji alikwisha kupatikana. Ni mfanyabiashara mmoja tunayemwita Bwana Saruji, aliyetaka kuugeuza ukumbi wangu kuwa ghala. Miezi sita ingetimia siku ya Ijumaa.

Barua ile niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Wamenifunga wao, halafu wananiuliza wao wenyewe kwa nini sikufungua! Nililia, sitaficha. Nilifikiria mifuko ya saruji ikibwagwa juu ya sakafu yangu, na lile vumbi lake likizama katikati ya mbao, nikalia upya. Bila ukumbi ule mimi ni nani? Ni mama mmoja tu anayejua kuhesabu mpaka nne.

Bwana afya akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Aliligeukia sufuria. "Mwambie Jumatano kamati ya halmashauri itasikiliza malalamiko ya wenye kumbi. Ajiandikishe."

"Mwambie nimeshajiandikisha," nikajibu huku napenga kamasi.

Jumatatu ikaja barua ya pili, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ilisema kwamba chumba cha mikutano cha halmashauri kimepimwa, na kwa kuzingatia umbali unaotakiwa kinatosha watu kumi na mmoja tu. Waliojiandikisha ni arobaini na wawili. Kwa hiyo, kwa ushauri wa bwana afya wa mji, kikao kitafanyika katika ukumbi wa dansi, wenye nafasi na hewa ya kutosha. Mpangaji anaombwa afungue, afagie na apange viti.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe ukumbi wangu ni hatari watu wakicheza, lakini ni salama wakikaa humo kuizungumzia hatari yenyewe!

"Sufuria!" nikaita. "Hebu muulize huyu bwana kama ana akili timamu."

"Mwambie nilipima," mume wangu akasema bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Nimepima kila chumba kikubwa cha mji huu. Wenye hewa ni huu. Siwezi kuandika vingine."

Lilikuwa jibu la haki, na haki ikitoka kwa mtu uliyemnunia inaudhi zaidi.

Sasa, kabla sijafika Jumatano, lazima nieleze habari ya miraba. Kwangu mimi, mwanafunzi hamshiki mtu kwa miezi mitatu ya mwanzo. Nimeona mengi. Watu wakianza kwa kushikana, mmoja anaegemea, mwingine anaburuzwa, na mwisho wanalaumiana kama wanandoa. Kwa hiyo miaka mingi iliyopita nilipiga rangi nyeupe sakafuni, miraba arobaini na minane, na kutoka mmoja mpaka mwingine ni mita mbili. Ukija unapewa mraba wako. Humo ndimo unajifunza miguu yako mwenyewe, peke yako, mpaka uweze kumaliza wimbo mzima bila kugusa mstari. Ukikanyaga mstari unatoka nje, unalizunguka jengo mara moja, unarudi. Hakuna mkubwa wala mdogo. Meneja mmoja wa benki alizunguka mara tisa kwa alasiri moja. Wengi walinikimbia. "Nimekuja kucheza au kutumikia kifungo?" waliniuliza. Lakini waliobaki, hata uwaamshe usingizini, hawatoki kwenye mraba.

Jumatano asubuhi nikaweka kiti kimoja katika kila mraba, nikafungua madirisha yote kumi na sita, na saa nne watu wakaanza kuingia. Kila nyumba iliruhusiwa kutuma mtu mmoja tu. Walikuja wanafunzi wangu thelathini na mmoja, wamevaa barakoa na viatu vya dansi, sijui nani aliwaambia wavae viatu vya dansi. Alikuja Bwana Saruji na kalamu tatu mfukoni. Alikuja wifi na sare yake nyeupe, kuisemea hospitali. Kamati walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti wao ni mama mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu, ambaye akikutazama juu ya miwani unajikuta unatoa mikono mifukoni. Mume wangu alikaa pembeni peke yake na daftari lake na futi yake ya chuma, ile inayovutwa na kujirudisha. Alikuwa pale kikazi. Hakunitazama, nami sikumtazama, ingawa niliona kola yake imekunjamana.

Bwana Saruji ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza.

"Saruji haihemi," alisema. "Haikohoi, haipigi chafya, haiambukizi. Jengo likikaa tupu ni hasara kwa mji mzima. Ukumbi huu haujatumika kwa miezi sita kasoro siku mbili."

Mkono ukanyooshwa mstari wa pili. Ulikuwa wa Mzee Mkasi, fundi cherehani, mwanafunzi wangu kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na mwanamume anayejipenda kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Siku ile barakoa yake ilishonwa kwa kitambaa kile kile cha suti.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "naomba kuuliza. Hivi sasa tumekaa wapi?"

"Tumekaa ukumbini, mzee."

"Basi unatumika."

"Mkataba unasema utumike kwa burudani!" Bwana Saruji akadakia.

Mzee Mkasi akamtazama kwa upole. "Mwanangu, mimi tangu ulipofungua mdomo naburudika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu, lakini miwani yake ilikuwa inatikisika. Zamu yangu ikafika.

Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Niliziacha kwenye kiti. "Wiki iliyopita nilikuwa sokoni," nikasema, "na mtu nisiyemjua kaniegemea mgongoni kuanzia kwenye vitunguu mpaka kwenye nyanya. Mume wangu wa ndoa hajanikaribia hivyo majuma kadhaa sasa!" Watu wakacheka, na bwana afya akaangalia viatu vyake. "Nikapanda basi, nimekaliwa nusu ya paja. Nikapita kwa kinyozi, nikaona mtu kashikwa kichwa kama tikiti linalochaguliwa. Hao wote wako wazi. Mimi, ambaye mwanafunzi wangu hamgusi mwenzake miezi mitatu, nimefungwa. Kwa nini? Kwa sababu kazi yangu inaitwa burudani! Mama Mwenyekiti, mimi siombi upendeleo. Msinipime kwa jina. Nipimeni kwa nafasi na kwa hewa, kama mnavyopaswa kumpima kila mtu."

Wakanipigia makofi mpaka popo, kama wangekuwepo bado, wangehama. Nikaketi, kichwa juu. Nilijiona nimemaliza kesi.

Wifi akasimama. Juu ya pua yake palikuwa na alama nyekundu ya barakoa, alama ambayo siku hizo haikuwa inapata muda wa kufutika.

"Wifi yangu ana ulimi, nami nampenda," alisema. "Lakini leo nitampinga. Soko halikufunguliwa kwa sababu ni salama. Limefunguliwa kwa sababu watu lazima wale. Basi nalo, kwa sababu lazima wafike kazini. Na kila tunachokifungua, baada ya wiki mbili mimi nakiona wodini. Mtu anayecheza anahema kuliko mtu anayenunua vitunguu, hilo halihitaji digrii. Mmezungumza sana habari ya haki. Jumapili nilimfumba mtu macho, na mkewe alikuwa nje ya geti kwa sababu hatukumruhusu kuingia. Haki ya yule mama niitafute wapi?"

Hasira yangu yote ikaniishia mwilini. Mimi nilikuwa nawaza miraba, mwenzangu anawaza vitanda. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba kwa muda wote ule, pamoja na maneno yangu mengi, sikuwa nimemuuliza hata mara moja, wifi, wewe unaendeleaje?

Mzee Mkasi akanyanyuka tena, na safari hii hakuwa na utani.

"Binti yangu," akamwambia wifi, "hapo hospitali mna dawa ya mtu anayekaa peke yake? Mimi nina miaka sabini na mmoja. Mke wangu alitangulia zamani. Tangu ukumbi ufungwe nashona, nakula, nalala. Wiki iliyopita nimeshona koti, mikono yote miwili ni ya kushoto. Miaka hamsini ya cherehani sijawahi kufanya kitu kama kile. Sisemi mfungue kila kitu. Nasema tu mnapohesabu, na mimi nihesabiwe."

"Hapana, baba," wifi akasema taratibu. "Dawa hiyo hatuna."

"Sasa tufanyeje?" Mwenyekiti akauliza, na lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile.

Nikasimama. Nilimgeukia wifi, si kamati. "Niambie wewe, mama. Unataka nini hapa ndani ili usiku upate usingizi?"

Hakutegemea. Akafikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Nusu ya miraba ibaki wazi."

"Nakubali."

"Madirisha yasifungwe, hata ikinyesha."

"Nitapiga deki mwenyewe."

"Nusu saa ya kucheza, kisha wote nje wapate hewa. Barakoa wakati wote. Anayekohoa abaki kwake, awe nani awe nani. Na wazee wawekwe karibu na dirisha."

"Nakubali, nakubali, nakubali. Wa dirishani wa kwanza ni Mzee Mkasi."

"Mimi ni mzee?" Mzee Mkasi akauliza kwa mshangao wa kweli.

Lakini mjumbe mmoja wa kamati akatikisa kichwa. "Haya ni maneno ya mdomoni tu," alisema. "Watu ni watu. Muziki ukianza watasogeleana. Nani atawazuia?"

Mwenyekiti akageuka. "Bwana afya, umekaa kimya tangu asubuhi. Unasemaje?"

Mume wangu alisimama. Alichukua futi yake akaanza kupima. Alianza mstari wa nyuma, kiti kwa kiti, akiandika. Ulikuwa mkutano wa saa mbili sasa, watu wamecheka, wamepiga makofi, wamebishana, na hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyesogeza kiti nje ya mraba. Walikaa wanamtazama, miguu pamoja, hawapumui. Akamaliza. Halafu, Mungu ambariki, akaenda kupima kamati.

Wajumbe wanne walikuwa wamesongamana upande mmoja wa meza kusoma nakala moja ya sheria. Bwana Saruji naye alikuwa amesogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka karibu na sikio la mjumbe wa mwisho. Mume wangu alijaribu kupitisha futi kati yao, ikakwama.

"Wanafunzi wa dansi," akasoma kwenye daftari kwa sauti ile ile anayosomea matokeo ya visima, "mita mbili, wote thelathini na mmoja. Wajumbe wa kamati, sentimita thelathini na tano. Bwana Saruji na mjumbe, haikupimika. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za kikao."

Ukumbi ulilipuka. Mzee Mkasi alipiga kelele "Wazunguke jengo!" na wengine wakaitikia, "Wazunguke!" Wajumbe walitawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Mimi nilikuwa nimeziba uso kwa viganja. Huyu mtu, nilijiambia, huyu mtu mkavu, hakunipendelea hata chembe, na hakuna mtu aliyewahi kunitetea namna hii.

Mwenyekiti alingoja kelele zipungue. "Nimeelewa," alisema, na yeye mwenyewe akavuta kiti chake nyuma. "Limebaki moja. Dansi ni ya watu wawili. Wanaoshikana je?"

"Wanaoishi nyumba moja washikane," wifi akajibu. "Wakipeana ugonjwa walishapeana nyumbani. Wengine wote, kila mtu na mraba wake."

"Bwana afya, unaweza kuithibitishia kamati kwamba wawili wakicheza hawatatoka kwenye nafasi yao?"

"Siwezi kuthibitisha nisichokiona," akasema mume wangu.

"Basi tuonyesheni. Nani hapa wanaishi nyumba moja?"

Wanafunzi wangu wana wake na waume, ndiyo, lakini kila nyumba ilikuwa imetuma mmoja tu. Bwana Saruji akaanza kutabasamu. Nikaona Ijumaa inakuja na malori yake.

Wifi akasafisha koo. "Mama Mwenyekiti," akasema, na hata nyuma ya barakoa nilijua meno yako nje, "wapo wawili."

Watu thelathini na kitu wakageuza vichwa, kwanza kwangu, kisha kwa mume wangu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, mume wangu hajawahi kucheza. Siku ya harusi yetu alikaa, mimi nikacheza na wajomba zake. Kila nilipomwomba alijibu kwamba miguu yake ni ya kazi ya serikali. Nimefundisha mamia ya waume za watu kuwashika wake zao, na wangu yuko nje anakagua mfereji. Iliniuma miaka mingi, kisha nikajizoesha isiniume, kisha nikaacha kumwomba.

Nilitembea mpaka mbele yake. Nilimtazama usoni, mimi na yeye, bila mjumbe katikati.

"Utaweza?" nikamuuliza.

Aliirudisha futi. Aliiweka juu ya daftari, akavua koti jeupe, akalitundika nyuma ya kiti, akalinyoosha. "Sijui," akasema. "Twende tu."

Tulisimama kwenye mraba mmoja wa katikati, tukiwa tumeondoa kiti. Muziki haukuwepo, kwa hiyo Mzee Mkasi akaanza kupiga goti lake kwa kiganja, taratibu, na wenzake wakaingia kwa makofi, kila mmoja kwenye mraba wake. Mume wangu alinishika kama anavyoshika chupa ya sampuli ya maji, kwa mikono miwili na kwa hofu ya kumwaga. Hatua ya kwanza akanikanyaga kidole. "Samahani, mama." Hatua ya pili akanikanyaga kidole kile kile. Ukumbi ulicheka kwa furaha, si kwa dharau, nami nikacheka, kilikuwa kinauma kweli.

Ndipo nilipomsikia anahesabu kwa kunong'ona. Moja, mbili, na-taaatu, nne. Alikuwa anaivuta ile tatu. Hakuna anayeivuta tatu namna ile isipokuwa mimi, darasani mwangu.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Dirishani," akasema macho yakiwa sakafuni. "Jumamosi ninapokuja kukuchukua huwa nafika mapema. Nasimama pale nje nakusikiliza. Kichwa kinajua yote. Miguu ndiyo haijawahi kuambiwa."

"Miaka kumi na tisa? Kwa nini hukuingia, wewe mwanamume?"

"Niliogopa kukanyaga mstari," akasema. "Ungenizungusha jengo mbele ya watu."

Na ningemzungusha! Hilo ndilo lililonivunja mbavu, na hilo ndilo lililonitoa machozi, yakalowesha barakoa yote. Nikamwambia ainue uso, anitazame mimi, mbao hazikimbii. Akainua. Tukaenda moja, mbili, na-taaatu, nne, tukageuka kwenye kona, na mguu wake ukatua ndani ya mstari, safi kabisa, akashtuka mwenyewe. Makofi yakapanda. Wifi alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa. Hata Bwana Saruji, nilimwona kwa macho yangu, kiatu chake kimoja kilikuwa kinagonga sakafu bila ruhusa yake.

"Inatosha!" Mwenyekiti akasema, sauti imejaa kicheko. "Kamati imeona. Ukumbi umetumika leo kwa kazi yake, na utaendelea kutumika kuanzia Jumamosi kwa masharti ya muuguzi, mradi bwana afya athibitishe. Bwana afya, njoo utie sahihi tufunge kikao."

Mikono yake ilikuwa bado mgongoni mwangu. Nilingoja aniachie. Alivuta pumzi, akaanza tena kuhesabu.

"Naomba radhi, Mama Mwenyekiti," mume wangu akasema. "Ukaguzi haujaisha."